Nimefanya kazi maisha yangu yote, leo naitwa "mama wa nyumbani"

Barua ya msomaji

Mwanangu mshauri, assalaam alaykum.

Nina miaka 67, mjane, naishi Ngamiani hapa Tanga. Watoto wangu wote wana miji yao. Barua hii nasema mimi, anayebonyeza simu ni mjukuu, kwa hiyo ukiona mahali pamepinda ujue ni yeye.

Mwezi uliopita tulikuwa na sendofu ya binti wa mdogo wangu. Ukumbi umejaa, ukafika utambulisho wa familia. Mshereheshaji akaanza na mdogo wangu: "Mama mzazi wa bibi harusi, muuguzi mstaafu!" Vigelegele. Akaja kwangu, akatazama karatasi yake: "Na huyu ni mama mkubwa, yeye ni mama wa nyumbani." Watu wakapiga makofi, nami nikapunga mkono nikicheka. Rohoni nilikuwa nawaka. Mama wa nyumbani? Mimi ambaye nyumbani sijawahi kukaa?

Nikueleze tangu mwanzo. Baba yangu alikuwa Muha wa Kigoma, aliletwa huku na SILABU, ile ofisi ya kuzoa vibarua wa mkonge, kwenye miaka ya hamsini, manamba. Nimezaliwa kambini, shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Baba alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Alikuwa akituambia, "Mtu ana kazi yake, hazururi." Neno hilo limenikaa mpaka leo.

Nilimaliza kidato cha nne 1976, nikajifunza kupiga chapa masomo ya jioni, 1978 nikaajiriwa kopi taipisti kwenye shirika moja la umma. Nyie wa kompyuta hamjui stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala. Ukikosea herufi unapaka ile dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unaipuliza ikauke, ndipo unapiga tena juu yake pole pole. Ukigonga "o" kwa nguvu, katikati yake panatoboka, na kila karatasi itakayotoka kwenye mashine itakuwa na doa jeusi. Barua ya meneja yenye madoa, utaipiga upya mpaka saa kumi na moja jioni. Baadaye nikahamishiwa swichibodi. Simu ya Dar es Salaam unaiomba asubuhi, unaipata mchana, na bosi anakugombeza wewe kana kwamba nguzo umezisimamisha wewe. Kuna wakubwa waliojua sauti yangu miaka na miaka, wakipishana nami sokoni hawanijui.

Ikaja ile miaka ya foleni, sabuni ya kipande, unga wa yanga, yale mahindi ya njano. Mshahara unaisha tarehe kumi. Marehemu mume wangu akaninunulia cherehani ya Butterfly, usiku nashona sare za shule kwa kibatari, asubuhi nakwenda swichibodi. Mwaka 1993 shirika likafa. Mfilisi akatuita mmoja mmoja, ukitoka na bahasha umetoka. Baada ya hapo mume naye akafariki.

Nikawa mama lishe karibu na bandari, nawapikia makuli bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kupaka. Ile biashara nilikuwa naipenda. Siku moja vibanda vyote vikabomolewa. Nikaingia mitumba pale soko la Mgandini. Belo unanunua limefungwa, bahati yako imo humo ndani. Kuna moja nilifungua nikakuta makoti mazito ya baridi ya Ulaya matupu, na sisi tuko Tanga, joto hili! Nikauza cherehani? La, hiyo sikuuza kamwe. Nikaenda Muscat kufanya kazi za ndani. Bibi wa nyumba ile alizaliwa Unguja, tulikuwa tunaongea Kiswahili, mengine tuyaache. Nilirudi kwa hiari yangu. Nikafundisha chekechea pia, miaka kadhaa. Sasa ni katibu wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, na nashona, na wasichana wawili wa mtaani wanakuja kujifunza kwangu.

Sasa tatizo. Mdogo wangu alianza unesi akamaliza unesi. Ana pensheni kila mwezi, kiinua mgongo chake kimejenga. Vijana wa ukoo wanasema wazi, "Mama mkubwa alikuwa anarukaruka, angetulia naye angekuwa na chake." Mimi mwenyewe nimeanza kuamini. Nikiulizwa kazi yangu, sijui nijibu nini, maana kila nitakayotaja niliiacha.

La pili, mwanangu mkubwa ananitaka niache kushona, nipumzike. Anasema watu wanamsema.

La tatu, sandukuni nina kadi yangu ya NPF, ule mfuko wa akiba wa wafanyakazi, ya enzi za shirika. Nilipomwonyesha mwanangu alicheka, akasema hiyo nifungie vitumbua. Ni kweli haina kazi?

Nisaidie, mwanangu.

*Mama wa Ngamiani, Tanga*

Jibu la mshauri

Mama, shikamoo. Na mjukuu umsalimie, sikuona alipopinda.

Nianze na hilo la kurukaruka, kwa sababu limeniudhi. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta neno moja tu: nani alimwacha nani. Swichibodi hukuiacha, ilikuacha. Uchapaji wa stensili haupo tena duniani, hata ungeung'ang'ania kwa meno. Kibanda cha bandarini kilibomolewa. Kazi ulizoondoka kwa miguu yako mwenyewe naziona mbili, Muscat na labda chekechea, na hiyo ya chekechea umeipa nusu mstari ilhali makoti ya baridi umeyapa mistari mitatu. Ningependa siku moja uniandikie hiyo. Lakini mtu aliyefukuzwa na nyakati kazi moja baada ya nyingine, na kila mara mwezi ule ule akawa ameshapata njia nyingine ya kulisha watoto, kumwita mrukaji ni kutojua Kiswahili.

Vijana wa ukoo hawana kosa kubwa. Hawakuwepo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilikuwa inauza, inabinafsisha na kufilisi mashirika ya umma, na watu waliopewa bahasha kama yako walijaa kila mji. Aliyezaliwa 1995 akisikia "niliacha shirika 1993" anadhani uligombana na bosi.

Sasa baba yako, Mungu amrehemu. Ulimnukuu: mtu ana kazi yake, hazururi. Yeye alifuata neno lake. Hebu tuulizane, hiyo kazi moja ilimpa nini? SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944, kazi yake ilikuwa kuwazoa vijana wa Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, hata nje ya mipaka, kuwapakia na kuwashusha mashambani, kila mmoja na namba yake. Mkata mkonge alikuwa na kadi ya kipande, siku 30 za kazi, na siku asiyomaliza kazi aliyopangiwa haikuandikwa. Katikati ya miaka ya sitini nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, nyuzi za mkonge, kwa mwaka, tukiwa mstari wa mbele duniani. Kisha dunia ikahamia kamba za nailoni na plastiki, mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakatelekezwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zikanyamaza. Baba yako alitulia kwenye kazi moja kwa uaminifu wote, na katika barua yako alichoondoka nacho ulichokitaja ni mgongo uliopinda. Namheshimu sana, lakini kipimo chake kisikuhukumu wewe. Yeye mwenyewe kilimpunja.

Tuje kwa mdogo wako. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tofauti ipo, na ni ya fedha: yeye ana pensheni, wewe huna. Usiruhusu mtu yeyote, hata mimi, akuambie kwamba uzoefu wako ni mali kuliko pensheni. Uzoefu haununui dawa ya presha. Ukiona wivu kidogo unapomtazama, ni wivu wenye sababu, wala si dhambi ya kukukosesha usingizi.

Ila hiyo hadithi ya "alianza unesi akamaliza unesi" naomba uichunguze. Mkikaa wawili tu, muulize alikuwa anauza nini mwaka 1984. Barafu? Maandazi? Vitenge vya magendo kutoka Mombasa? Muuguzi wa miaka ile aliyelea watoto kwa mshahara peke yake mimi sijakutana naye. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha, na kwa karibu miaka ishirini na mitano watu wa kazi mbili tatu walifanya mambo yao kwa kificho, kuku uani, cherehani chumbani, kama ulivyofanya wewe kwa kibatari. Wakubwa wa chama walipolegeza masharti hayo na kujiruhusu rasmi, kule Zanzibar Februari 1991, wananchi walikuwa wameshatangulia zamani. Mdogo wako alikuwa na kazi moja iliyoandikwa na nyingine ambazo hazikuandikwa. Wewe zako zote zinaonekana kwa sababu ile iliyoandikwa ilikufa mapema.

Unauliza ujibu nini ukiulizwa kazi yako. Nimeshawishika kukwambia, "Mama, wewe ni mshonaji tangu zamani, cherehani hukuiuza, basi jibu ni hilo." Lingependeza kusikika. Lakini lingewafuta makuli wote waliokula bada yako, na naona hilo usingelikubali. Kwa hiyo jibu kulingana na anayeuliza. Karani wa hospitali mwambie mshonaji, ana kisanduku kidogo cha kujaza. Mgeni kwenye basi mwambie lolote linalokupendeza siku hiyo. Ukumbini ni jambo jingine, pale kuna dawa. Mshereheshaji hamjui mtu, anasoma karatasi aliyopewa na kamati, na karatasi ile iliandikwa na kijana mmoja wa ukoo usiku wa kuamkia shughuli, akifika kwako akaandika la haraka. Safari ijayo mpelekee kijana huyo mstari wako mapema, umeandikwa tayari: "Mama mkubwa wa bwana harusi, mshonaji, mwalimu wa chekechea, opereta wa simu wa zamani na katibu wa VICOBA." Unasomeka kwa pumzi moja. Na mdogo wako ndiye mama mwenye shughuli, mwambie lilikuuma. Huenda hakusikia hata kidogo, siku ile mama wa bibi harusi husikia muziki tu.

Mwanao. Anakwambia watu wanamsema, na nadhani hilo ndilo lote. Mtoto wa kiume mwenye kazi yake akionekana mama anashona uani, majirani huanza, "Kumbe hamtunzi." Aibu anayoiogopa ni yake, na cherehani inabeba lawama. Usibishane naye kuhusu heshima ya kazi, hamtafika. Mwambie unachokitaka kwa vitu: taa nzuri ya mezani, mota ndogo ili miguu isikanyage siku nzima, na miwani iliyopimwa, siyo ile ya kuokota sokoni. Akivinunua yeye, majirani watasema mengine, na yeye atapata la kujibu. Nawe umpunguzie hofu upande wako. Kushona usiku kuishe. Na ile Januari ya sare, shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka jana, chukua chache, nyingine waachie wasichana wako wapate.

Kuhusu hao wasichana, kuna jambo huenda hulijui. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani miaka. Wewe binafsi sioni kama unakihitaji, wateja wako hawajawahi kukuuliza cheti. Wao watakihitaji, kiwanda au duka la nguo litauliza. Mmoja akiiva, mpeleke ofisi ya VETA mkaulize lini upimaji unafanyika na gharama zake. Wakikuuliza alijifunza wapi, utawaambia ni kwako.

Nimeiacha kadi mwisho kwa sababu ndiyo ya kwenda nayo mguu kwa mguu. Usifungie vitumbua! NPF ulianza 1964 kama mfuko wa akiba, na kwa sheria ya 1997 ukageuzwa kuwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ukiwa na michango na wanachama wake. Kubadilika kwa jina hakufuti namba yako. Lakini kabla hujatoka nyumbani kaa ukumbuke jambo moja vizuri: mlipopunguzwa, mlichukua michango? Wengi walichukua, ndiyo iliyowavusha miezi ile, na wengine wamesahau kwamba sehemu ya ile bahasha ilikuwa ndiyo hiyo. Kama ulichukua, safari yako itakuwa fupi, na ni afadhali ujue. Kama hukuchukua, uliza salio lako na namna ya kulidai.

Matumaini yawe ya kadiri. Pensheni ya kila mwezi katika NSSF inataka michango ya miezi isiyopungua 180, na michango yako ni ya enzi za NPF, mfuko uliokuwa ukilipa akiba kwa mkupuo. Kwa hiyo likiwepo la kulipwa, mimi ningetarajia mkupuo, tena hesabu ya shilingi za miaka ile, zisizotisha leo. Uliza pia kama shirika lenu liliwahi kuwahamishia PPF, mfuko wa mashirika ya umma ulioanza 1978. Ikiwa hivyo, faili lako halitakuwa NSSF. PPF na mifuko mingine ya utumishi wa umma iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na huko ndiko utakakoelekezwa. Na jambo ambalo nina wasiwasi nalo kuliko yote: majina. Kadi ya 1978 bila shaka ina jina la baba yako, labda limeandikwa alivyosikia karani. Kitambulisho chako cha NIDA kina jina gani? Yakitofautiana hata kwa herufi, utaambiwa ulete hati ya kiapo kutoka kwa wakili au mahakamani. Itengeneze kwanza, ujiokoe safari. Chukua kadi, nakala zake, barua ya ajira kama ipo, barua ya kupunguzwa, hata hati ya mshahara moja iliyokunjwa kwenye Kurani ya marehemu, usidharau karatasi.

Usiende na mwanao, atacheka tena mbele ya karani. Nenda na mdogo wako. Yeye ameshazunguka kwenye madirisha hayo alipostaafu, anajua fomu ipi inaanza na karani yupi asubuhi anasikiliza. Akikubali, nauli na chai ya siku hiyo ni juu yake, ndiye mwenye pensheni.